Wiki Moja, Nyumba Mbili



Somo letu la leo linawahusu wale ambao wiki yao imekatwa vipande viwili. Jumatatu hadi Ijumaa mmoja wenu yuko Nairobi kikazi. Jumamosi na Jumapili yuko Pwani kwa familia. Mwenzake anabaki nyumbani na watoto, akihesabu siku. Huenda si ninyi leo, lakini kwa jinsi kazi zinavyohamahama nchini mwetu, huenda mkawa ninyi kesho.

Jambo hili si geni. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Tangu zamani hizo wanaume wengi walikwenda kuishi peke yao kwenye landhi za mijini, na wake zao wakabaki mashambani. Kilichobadilika ni mwendo. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari zake mwaka 2017, humfikisha mtu Mombasa kutoka Nairobi kwa saa tano au sita hivi. Basi wengi hujiambia, "Si mbali, nitakuwa nikirudi kila wiki." Na siku hizi anayesafiri si lazima awe mume.

Kwangu mimi aliyesafiri alikuwa mke wangu. Nitawaeleza yaliyotupata, kisha tutazame la kufanya.

Siku mke wangu alipopiga hodi kwake

Mke wangu ni karani katika kazi ya kutoa mizigo ya bandarini. Mwaka 2019 kazi nyingi za namna hiyo zilihamia bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, na yeye akahamishwa. Mimi ni katekista, Jumapili siwezi kukosa parokiani. Watoto wetu watatu walikuwa shuleni hapa Mikindani. Tukapatana kwamba yeye aende, apange chumba karibu na kazi, na kila mwisho wa wiki arudi nyumbani.

Kwa muda mrefu tulijisifu. Nilijifunza kupika, kumwandaa kitinda mimba kwenda shule, na kujua ni mchuuzi yupi wa mkokoteni mwenye maji safi. Watu wa parokia walinisifu, nami nikafurahia sifa hizo.

Mapema mwaka 2022 kitasa cha mlango wetu kiliharibika. Fundi akaweka kipya chenye funguo tatu. Mmoja nikauchukua mimi, mmoja nikampa binti yetu mkubwa, wa tatu nikamwachia jirani. Jumamosi iliyofuata, kabla ya adhana ya alfajiri, nilisikia mtu anapiga hodi. Nilipofungua nikamkuta mke wangu amesimama, mkoba begani, na ufunguo wa zamani mkononi. Hakugomba. Alisema tu, "Baba watoto, kumbe siku hizi mimi hupiga hodi hapa."

Nilijitetea kwamba nimesahau. Lakini siku ile macho yangu yalifunguka. Mke wangu alitafuta sukari asiione, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha mahali pake. Kitinda mimba alimpita mama yake jikoni, akaja kuniuliza mimi kama anaweza kula ndizi. Jirani akamwambia, "Karibu tena Mombasa, utakaa hadi lini?" Ndipo nikatambua kwamba mke wangu alikuwa ametoka nyumbani mwetu kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa bila kukusudia.

Kikombe kimoja

Jioni ile nilimwambia, "Basi walau kule Embakasi una mahali pako." Akanijibu, "Hata kule si kwangu." Niliona aibu, kwa maana zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita nami sijawahi kukiona chumba chake. Kila mara tulisema kwamba nauli ni ya yeye kuja, si ya mimi kwenda.

Shule zilipofungwa, niliwaacha watoto kwa shangazi yao, nikapanda treni siku ya Jumanne. Nilikuta kitanda, jiko dogo la gesi, kiti kimoja, sahani moja na kikombe kimoja. Chai tulikunywa kwa zamu. Yeye alinywa kwanza, akasuuza kikombe, nikanywa mimi.

Nikaelewa. Kule hakununua kitu kwa kuwa moyo wake ulikuwa Mikindani. Na huku Mikindani sisi tulikuwa tumeizoea nafasi yake ikiwa tupu. Alikuwa na nyumba mbili, na katika zote mbili alikuwa msafiri.

Wapendwa, hapo ndipo penye somo letu. Umbali wa kilomita zipatazo 480 ni taabu, lakini si hatari iliyo kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni kwamba nyumba moja inakuwa ya mume, nyingine ya mke, na kila mmoja anakuwa mgeni wa mwenzake. Nyumba zaweza kuwa mbili. Kaya haina budi kuwa moja.

Siku ile ile tulinunua kikombe cha pili. Na niliporudi Mombasa nilikwenda kwa fundi, akachonga ufunguo wa nne.

Mambo sita ya kushika

*1. Amueni wawili, tena kwa muda maalumu.* Kanuni ya 1151 ya Sheria ya Kanisa inaonyesha kwamba kuishi pamoja ni wajibu na pia haki ya wanandoa, na kwamba ni sababu ya halali tu inayoweza kuwatenganisha. Kazi ya kulisha watoto yaweza kuwa sababu hiyo. Lakini mume akitangaza tu kwamba amepata kazi Nairobi na Jumapili anaondoka, hiyo ni taarifa, bado si mapatano. Pataneni, kisha wekeni tarehe ya kulitazama jambo upya, kwa mfano kila baada ya miezi sita. Jambo lisilo na mwisho huota mizizi.

Tena, pataneni juu ya siku njia itakapofungwa. Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Julai. Mke wangu akawa upande ule, sisi upande huu. Hatukuwa tumezungumza lolote juu ya siku kama hiyo: mtoto akiugua nani aamue, akiba iko wapi, jirani gani atasaidia. Tulijifunza kwa machozi kwenye simu.

*2. Nyumba zote mbili ziwe zenu.* Kila mmoja awe na ufunguo wa kila nyumba. Anayebaki nyumbani naye asafiri mara kwa mara, walau mara moja katika kila muhula wa shule, akalale kule na kujua jirani za mwenzake. Pasibadilishwe kitu kikubwa nyumbani kabla ya aliye mbali kuambiwa. Kumpigia mwenzako simu kwamba unahamisha kabati huonekana mchezo, lakini humwambia, "Hapa bado ni kwako."

*3. Wekeni hesabu.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati ule nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000. Kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi ni 8,000. Kodi ya chumba 6,000, matatu za kwenda na kutoka vituoni 2,000, chakula cha mtu mmoja 6,000. Jumla 22,000. Tulipoyaandika hayo tuliona karibu nusu ya mshahara inaishia njiani na chumbani. Tuliamua aendelee, kwa kuwa bila kazi ile karo ya binti yetu isingelipika. Lakini tuliamua tukijua. Januari 2024 nauli hiyo ilipandishwa hadi 1,500, na kwa kiwango hicho safari zile zile ni 12,000 kwa mwezi. Fanyeni hesabu yenu wenyewe. Kama kinachobaki ni kidogo sana, basi mwenzenu anaifanyia kazi treni, hawafanyii kazi watoto.

*4. Lindeni saa za kufika na saa za kuondoka.* Anayefika amechoka. Anayengoja naye amebeba mzigo wa siku tano. Wakikutana mlangoni kila mmoja hutaka kutua mzigo wake kwanza, na hapo ugomvi huzaliwa. Sisi tuliweka sheria: hakuna mashtaka wala hesabu kabla ya Jumamosi alasiri. Kwanza aoge, ale, alale, awaone watoto. Anayebaki asimkaribishe mwenzake kwa orodha ya makosa ya watoto, na anayefika asianze kukagua masufuria.

Jumapili jioni nayo ina jaribu lake. Mtu huchokoza ugomvi kwa jambo dogo kwa sababu kugombana ni rahisi kuliko kusema, "Naumia unapoondoka." Semeni neno hilo.

Wala tusifiche: mwili nao una haki yake. Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawafundisha wanandoa kwamba kujitenga kuwe kwa mapatano na kwa muda tu, kisha warudiane. Msilazimishane mmoja akiwa hoi kwa safari, wala msinyimane kama adhabu. Zungumzeni kwa upole, hata kama siku ni mbili tu.

*5. Watoto wawe na wazazi wawili kila siku.* Aliye mbali awe na jambo lake katika malezi ambalo halisubiri Jumamosi. Mke wangu alipewa hesabu za kitinda mimba: kila jioni saa moja na nusu mtoto alimsomea maswali kwenye simu. Simu hiyo haikuwa ya kuuliza "Mmekula?" tu. Anayebaki asimfanye mwenzake kuwa fimbo kwa kusema, "Ngoja mama yako aje." Na anayefika asijaribu kununua mapenzi kwa zawadi. Mtoto akileta ombi mbele yenu wote wawili, anayebaki aseme, "Tumsikilize mama," au "Tumsikilize baba."

*6. Asiwepo kati yenu asiyejulikana.* Mtu anayelala Nairobi siku tano na Mombasa siku mbili huenda asiwe na jumuiya popote. Jumuiya ya nyumbani inakutana yeye yuko kazini, na ya kule haimjui. Upweke wa namna hiyo ndio mlango wa maovu mengi: pombe, na urafiki unaoanza kwa kusaidiana mzigo ukaishia kitandani. Mke wangu alipata jumuiya ndogo ndogo iliyokutana Jumatano jioni. Nilipomtembelea alinipeleka, akasema, "Huyu ndiye baba watoto." Tangu siku ile watu wa kule walimjua kuwa mke wa mtu, wakawa wanamuulizia nyumbani. Na kama safari inawala Jumapili yenu, kumbukeni kwamba Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu wa Dominika. Nendeni pamoja.

Kurudi nako kuna somo

Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Mwaka uliofuata mke wangu alirudi nyumbani kabisa. Nilidhani shida zimekwisha. Kumbe wiki ya kwanza tuligongana jikoni kama watu wawili katika mlango mmoja. Mimi nilikuwa na mpango wangu wa maji na wa soko, naye alikuwa na wake. Binti yetu mkubwa, aliyezoea kuwa msaidizi wangu, alinuna. Tulilazimika kukaa chini na kugawana kazi upya kana kwamba tumeoana juzi.

Wahenga wa Pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini aliye ngamani naye ana kazi ya kuilinda nafasi ya mwenzake isijae vitu vingine.

Maswali ya kujadiliana

Chagueni jioni moja mkiwa pamoja, watoto wamelala, mjibu kila mmoja kwa zamu bila kukatizana. Wasio na nyumba mbili wanaweza kuyajadili katika jumuiya.

1. Je, tulipatana juu ya maisha haya, au mmoja wetu alikubali kwa kunyamaza?
2. Nani kati yetu hupiga hodi, hata kama ana ufunguo?
3. Ni kitu gani kilichobadilishwa nyumbani bila mwenzangu kuambiwa?
4. Baada ya kuondoa nauli, kodi na chakula, kazi hii inatuachia shilingi ngapi?
5. Ni nani anayemjua mwenzetu kule anakolala siku za kazi?
6. Tutakaa hivi hadi tarehe gani?

Na zoezi la wiki hii ni dogo. Hesabuni funguo za nyumba zenu, na vikombe vilivyomo. Kinachopungua, kinunueni kabla ya Jumapili.

Mungu azibariki kaya zenu. Tukutane katika toleo lijalo.