Alama kwenye mgongo wa sulisuli: mvuvi afanye nini?

Upepo wa kusi unapotulia na kaskazi kuanza kuvuma, mashua za uvuvi wa michezo hurejea bahari kuu kutoka Watamu na Malindi. Kati ya Novemba na Januari, wageni wengi huja kumtafuta sulisuli, samaki mwenye mdomo mrefu na pezi la mgongoni lililotanda kama tanga. Nahodha, mabaharia, wauza chambo na wahudumu wa hoteli hupata riziki kutokana na safari hizo.

Samaki wengi wa aina hii wanaonaswa kwa mchezo huachiliwa wakiwa hai. Kabla ya kuachiliwa, baadhi yao huwekwa alama: kipande chembamba cha plastiki chenye nambari, kinachochomekwa kwenye mnofu wa mgongo. Mpango huo huendeshwa na shirika la African Billfish Foundation la Watamu.

Samaki huachiliwaje?

Samaki hubaki majini. Baharia aliyevaa glavu humshika mdomo, alama huwekwa, kisha ndoana hutolewa. Ikiwa imemezwa, mshipi hukatwa karibu na mdomo. Mashua husonga polepole ili maji yapite kwenye mashavu ya samaki hadi apate nguvu ya kuogelea mwenyewe. Ndoana za mviringo husaidia kwa sababu mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo, si tumboni.

Kwa nini alama?

Samaki hawa husafiri mbali na huvuliwa na nchi nyingi. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imeonya kwamba nduaro mwenye milia anavuliwa kupita kiasi. Alama iliyorudishwa huonyesha samaki alikopita, muda aliokaa baharini na kiasi alichokua. Isiporudishwa, habari hizo hupotea.

Ukimpata samaki mwenye alama

Mara nyingi anayempata tena si mtalii, bali mvuvi wa hapa mwenye jarife au mshipi. Afanye hivi:

1. Aitoe alama na kuihifadhi. Asiitupe.
2. Aandike nambari, tarehe na mahali alipomvua.
3. Apime urefu kutoka ncha ya taya la chini hadi katikati ya mkia, bila kuhesabu mdomo mrefu wa juu. Asipokuwa na futi, apime kwa kamba na kuikata.
4. Apeleke alama na maelezo kwa viongozi wa BMU ya ufuo wake au kwa afisa wa uvuvi.

Kutoa taarifa hakumnyimi mvuvi samaki wake. Atamuuza au kumla kama kawaida. Kinachohitajika ni alama na maelezo. Anayevua kwa jarife na anayevua kwa mchezo wanategemea samaki walewale, na wakipungua, wote wawili watarudi ufuoni mikono mitupu.