Rukhsa ya Msafiri Haifiki Tumboni



Katika darasa yetu limeulizwa suala ambalo twaona lafaa kuandikwa, ili na wale wasiohudhuria wapate kulizingatia. Muulizaji asema: mtu ameambiwa na tabibu wake apunguze sukari, mafuta na chumvi. Nyumbani kwake, awe Mombasa au Lamu au Malindi, ameweza kujizuia mwezi baada ya mwezi, na kipimo chake kimeshuka. Lakini kila aendapo Nairobi kwa siku nne au tano, hurudi na sukari imepanda, na yale aliyoyajenga kwa taabu yamebomoka. Je, mtu huyu afanyeje?

Wengi waliokuwapo waliulaumu mji. Walisema kuwa huko kila mlango ni mkahawa, na kila mkahawa una chipsi zinazomngoja mpita njia dirishani. Hayo ni kweli, wala hatuyakatai. Mji uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 4 mwaka 2019 haukosi wauza vyakula. Lakini mji huo huo una mboga, maharagwe, matunda na maji, tena kwa bei ambayo pengine ni ndogo kuliko ya chipsi. Basi chanzo twaona ni neno alilotoka nalo mtu nyumbani kwake, nalo ni hili: "Mimi ni msafiri."

Sheria imempa msafiri rukhsa. Hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na huakhirisha saumu ya Ramadhani akailipa siku nyengine. Rukhsa hizi zajulikana, zina masharti yake, na kila moja yaondoa uzito maalumu. Watu wetu wamezipanua kwa ndimi zao hata zikaingia jikoni. Utamsikia mtu mzima, mwenye akili zake, akisema "leo niko safarini" huku amimina soda ya pili. Ni nani aliyempa rukhsa hiyo? Kongosho lake halijui kama mwenyewe yuko Mji wa Kale au yuko Eastleigh. Tena kipo kipimo cha damu ambacho hospitali hukitumia kujua wastani wa sukari ya mtu kwa muda wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo hicho hakibagui siku za safari na siku za nyumbani; zote humo zimo.

Na wala siku hizo si chache kama zinavyodhaniwa. Mfanyabiashara apandaye Nairobi kila mwezi kwa siku nne, kwa mwaka ametimiza siku 48. Huo ni mwezi mmoja na nusu na zaidi wa kula bila ya hesabu, na bado hatujazitia arusi na Idi.

Basi la kwanza ni kuazimia kabla ya kutoka, wala si baada ya kufika. Mwenye kungoja njaa imshike ndipo afikiri atakula nini, hukumu atakuwa ameiachia njaa. Aendaye kwa basi la usiku ajua kwamba njiani, pengine Mtito Andei, watu watateremshwa usiku wa manane, na mbele yao kutakuwa na viazi vya kukaanga, kuku wa mafuta na soda baridi. Hapo hali kwa njaa. Hula kwa uchovu, na kwa kuwa wenziwe wanakula. Aendaye kwa treni, ambayo tangu mwaka 2017 imepunguza safari hiyo hata ikawa ya saa tano au sita, hana udhuru kabisa. Atoke nyumbani ameshakula, na mkobani awe na mayai mawili ya kuchemsha, tango, konzi ya njugu zisizotiwa chumvi, na chupa ya maji. Mabibi zetu hawakuwa wakisafiri bila ya masurufu. Sisi ndio tuliouona mkoba wa chakula kuwa ni ushamba.

Nairobi imekaa juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na mtu wa pwani aifikiapo mwezi wa Julai huipata baridi asiyoizoea. Baridi hiyo humpunguzia kiu, akasahau maji, na humtia hamu ya chai moto. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Baadhi ya mikahawa ya Eastleigh, ambako wengi wetu hufikia, huipika chai pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja. Ukishaletewa kikombe huwezi tena kusema "punguza." Ni lazima uagize kabla: chai ya rangi isiyo na sukari, ambayo wenyewe wengine huiita turungi. Mwenye kunywa vikombe vinne kwa siku, na kila kikombe kina vijiko vitatu, amekula vijiko 12 vya sukari, na bado hajagusa chakula.

Na tuseme habari ya soda kwa urefu kidogo, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na zaidi, yaani karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tuipatayo kwa chakula, na likasema ni bora zaidi iwe nusu ya hiyo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Basi chupa moja imekwisha kuupita mpaka ule ulio bora. Maji ya matunda yaliyosagwa na kuchujwa nayo yamo katika hesabu hiyo, hata kama hayakuongezwa kitu. Embe lenyewe likatafunwa ni afadhali kuliko gilasi iliyokamuliwa maembe matatu.

Wako wasemao: "Sisi twachunga halali, kwa hivyo hatuna hiari, twala palipo na pilau na biriani." Kuchunga halali ni wajibu, na anayechunga twamuombea thawabu. Lakini kuna masuala mawili hapa, nao wameyafanya moja. La kwanza: je, chakula hiki chaniruhusika? La pili: je, chanifaa kwa maradhi yangu? Ubao wa halali ulio mlangoni hulijibu la kwanza tu. Nyama ya mbuzi iliyochinjwa sawasawa, ikapakuliwa juu ya mlima wa wali wenye samli, ni halali, na mwenye maradhi ya sukari akiimaliza peke yake itamdhuru. Wala si kweli kwamba hakuna hiari. Katika mikahawa hiyo hiyo ya Waislamu hupatikana ndengu (sisi twaziita pojo), maharagwe, sukuma wiki, kabichi na kachumbari. Watu wetu hawaviagizi kwa kuona ni vyakula vya kila siku, na safari yataka kitu cha fakhari. Huko vibandani nako vimo, ila mwenye shaka na mafuta au sufuria na aulize kabla ya kukaa. Na mwenye kutaka matunda na mboga mbichi, soko la City Market li karibu na Msikiti wa Jamia. Akitoka sala ya adhuhuri apitie.

Sahani na igawanywe hivi: nusu iwe mboga, robo iwe nyama au samaki au maharagwe, na robo iliyobaki iwe wali au ugali au chapati. Moja katika hizo, si zote tatu.

Hayo ya mkahawani ni mepesi. Mazito ni ya nyumba za jamaa. Mgeni akifikia kwa mtoto wa nduguye huko South C au Pangani, mwenye nyumba amekwisha kupika biriani tangu asubuhi. Mtoto ataka kumfurahisha mamake aliyemlea, basi humchukua kwenye kuku wa kukaanga kwa kuwa ndicho kitu kikubwa akijuacho. Mwenyeji akiona mkono wa mgeni umelegea, husema: "Mjomba, mbona hujala? Au chakula chetu hakikukupendeza?" Na mjomba kwa haya humega tena, kisha tena. Wote wawili wamefanya ihsani kwa nia, na aliyedhurika ni mjomba.

Twaona dawa ni kusema mapema na kusema wazi. Siku mbili kabla ya kuondoka, mgeni apige simu, aseme: "Mwanangu, tabibu amenipimia chakula. Nitakaa nanyi na nitakula nanyi. Kwangu nifanyie mboga na samaki wa kuchoma, na wali niwekee mbali katika kibakuli kidogo." Maneno haya yakisemwa kabla, mwenyeji hupata njia ya kukirimu. Yakisemwa wakati sinia limeshatua, huwa ni kumvunja uso. Na asidanganye kwa kusema "nimeshiba," maana jioni ataulizwa tena, na kesho pia, na uwongo huo hautamfikisha siku ya tatu.

Sinia lenyewe lina taabu yake. Mtu alaye na wenziwe katika sinia hawezi kujua amekula kiasi gani, na adabu yetu haipendi mtu anyanyuke mbele ya wenziwe. Asiyetaka kuomba sahani yake mbali na aanze kwa kachumbari na nyama, ale taratibu, atafune sana, na azungumze. Atakuwapo mpaka mwisho, na tonge zake zitakuwa nusu ya za wengine. Nanyi wenyeji, acheni desturi hii ya kumsukumia mtu minofu na wali upande wake huku mwaapa. Ukarimu ni kumuuliza mgeni analoliweza.

Sasa lipo jambo ambalo ni khatari kuliko kula kwingi, nalo ni kutokula. Wengi wa wazee wetu hawaendi Nairobi kutembea, huenda hospitali. Huambiwa waje bila ya kula ili wapimwe damu, wakaamka alfajiri, wakapanga foleni hata saa tano za asubuhi. Aliyetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kisha akakaa na njaa, sukari yake yaweza kuanguka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la ghafula, moyo kwenda mbio, na maneno kuchanganyika. Mgonjwa amuulize tabibu siku ya kwanza afanye nini na dawa ya asubuhi ile ya kupimwa, asijiamulie. Na mfukoni awe na sukari. Dalili zikimshika, apewe maji yaliyokorogwa sukari vijiko vitatu au vinne vya chai, au nusu ya ile chupa ndogo ya soda tuliyoikataza huko juu, maana hapa imekuwa dawa. Baada ya dakika 15, kama hajatengenea, apewe tena, na akishatulia ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, apelekwe mbio kwa tabibu. Amsindikizaye mgonjwa ni lazima ayajue haya, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe wakati huo huenda hawezi kusema.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Njiani ifungwe pamoja na kitu baridi, isigusane na barafu yenyewe, wala isiachwe ndani ya gari lililosimama juani pale Voi.

Amebaki mwenye kurudi. Siku ya kuondoka, jamaa humfungia keki, biskuti na chupa kubwa za soda, akale njiani na watoto. Na awaambie tangu jana yake kwamba apendalo ni maparachichi ya bara, karoti na majani ya sukuma wiki, ambayo yakifungwa katika gazeti lililolowa kidogo hufika Mombasa yangali mabichi.