SOMO: Tafuta Kwanza Jina la Kuvu Kwenye Simu, Ndipo Ununue Dawa ya Mikorosho

Msimu wa kupulizia mikorosho umekaribia, na siku hizi wakulima wengi hapa Nanganga na kule juu Newala wanakuja wameshika simu. Mtu anaonyesha picha au video na kuuliza, "Afisa, huku wanasema tupulizie hii, ni kweli?" Ni swali zuri. Kwa hiyo leo tujifunze namna ya kutafuta habari za kuvu mtandaoni, ili bando lako na hela ya dawa visipotee bure.

Tatizo linaanza na neno "ukungu"

Sisi tunasema ukungu kwa wingu linaloshuka asubuhi, kwa ule uozo wa juu ya mkate, na kwa ugonjwa wa mikorosho. Ukiandika "ukungu" peke yake kwenye simu, unaweza kuletewa habari za hali ya hewa. Tumia neno kuvu. Hawa ni viumbe hai wadogo wenye nyuzi nyembamba. Wanazaliana kwa spora, yaani vitu kama vumbi laini vinavyobebwa na upepo, maji au udongo. Bakteria na virusi ni makundi mengine kabisa. Dawa ya kuvu haiponyi virusi, na dawa ya wadudu haiui kuvu.

Kuvu wa mikorosho siyo mmoja

1. Ubwiriunga. Unga mweupe au wa kijivu juu ya maua, majani machanga na mabibo madogo. Maua yanageuka kahawia na kukauka. Anapenda hewa yenye unyevu na ubaridi kiasi, kama asubuhi za uwanda wa Makonde. Wakati hakuna maua, anajificha kwenye machipukizi machanga ya kivulini, ndani ya mti.
2. Blaiti. Madoa kwenye majani na kwenye korosho changa. Hakuna unga wa kufuta kwa kidole.
3. Mnyauko fuzari. Majani yanakuwa ya njano, matawi yananyauka, na mwisho mti mzima unakauka. Ukikata shina unaona rangi ya kahawia ndani ya mti. Hapa nchini uligunduliwa mwaka 2012 katika kijiji cha Magawa, wilaya ya Mkuranga. Kuvu huyu anaishi ardhini na kuingilia kwenye mizizi.

Sasa fikiria mkulima ambaye mti wake una mnyauko fuzari, lakini video aliyoiona ilikuwa ya ubwiriunga. Ananunua salfa, anakodi mashine, anapulizia raundi zote. Salfa inakaa juu ya majani na maua, na adui yuko ndani ya mizizi na shina. Hela imekwenda, mti umekufa, na udongo wenye kuvu unaendelea kubebwa na jembe kwenda miti mingine.

Tumia jina la kisayansi

Majina ya mitaani yanabadilika kila eneo. Jina la kisayansi ni lilelile hapa, India na Brazil. Kwa mnyauko andika *Fusarium oxysporum*, kisha ongeza neno korosho au Tanzania. Kwa ubwiriunga andika *Oidium anacardii*. Kuwa makini hapo: wataalamu wakichunguza upya, kuvu hupewa jina jipya. Huyu utamkuta pia kama *Pseudoidium anacardii*, na katika maandishi ya karibuni *Erysiphe quercicola*. Usidhani ni magonjwa matatu. Ukitaka kuhakiki majina ya namna hiyo, zipo orodha za bure mtandaoni ziitwazo Index Fungorum na MycoBank.

Mahali pa kutafuta

- TARI Naliendele, Mtwara. Hiki ndicho kituo chetu cha utafiti wa korosho. Anza hapa kabla ya kwenda nje, maana majaribio yao yamefanyika kwenye mikorosho na hali ya hewa kama yetu.
- Plantwise. Ina maktaba ya bure ya magonjwa ya mimea, na baadhi ya vipeperushi vyake viko kwa Kiswahili.
- PlantVillage Nuru. Ni programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo kama batobato na michirizi kahawia, hata pasipo mtandao. Kwa mihogo itumie, ila usiielekeze kwenye jani la mkorosho ukategemea jibu.
- TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Angalia kama dawa uliyoona imesajiliwa nchini. Kama haimo, iache dukani.

Maswali manne kwa kila ukurasa

*Utafiti ulifanyika wapi?* Mikorosho ya India huanza kuchanua karibu mwezi wa kumi na moja, yetu huanza karibu mwezi wa sita. Ukifuata kalenda yao utapulizia wakati maua yako yamekwisha.

*Ni kuvu gani anayezungumziwa?* Kama hawakumtaja, usiwaamini haraka.

*Dawa inakinga au inaponya?* Salfa inakinga. Raundi ya kwanza inatakiwa maua yanapoanza kutoka. Ukisubiri shamba zima liwe jeupe, ua lililokwisha kauka halirudi.

*Nani anaandika?* Muuzaji wa dawa naye anaandika mtandaoni, na siyo kosa, ila maneno yake yalinganishe na ya kituo cha utafiti.

Kwa nini nasisitiza

Wazee wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao vilichangia, lakini ubwiriunga, ulioripotiwa nchini mwaka 1979, nao ulichangia sana. Wakati ule mkulima aliona maua yanakauka bila kujua ni nini. Leo una simu mfukoni.

Kazi ya wiki hii

Ingia shambani kabla maua hayajatoka. Kata machipukizi ya ndani, yale ya kivulini, maana ndiko ubwiriunga unakosubiri. Mti wenye dalili usizozielewa upige picha tatu: mti mzima, jani au ua kwa karibu, na shina kama linanyauka. Majani ya mfano yafunge kwenye karatasi, siyo mfuko wa nailoni, yasije yakaoza njiani. Kama unahisi ni mnyauko, jembe na panga ulilotumia hapo lisafishe udongo wote kabla ya kugusa mti mwingine.

Kisha leta picha na majani ofisi ya kata, tuangalie pamoja kabla hujafika duka la pembejeo. Hata kama ulishapata jibu kwenye simu, njoo nalo tulihakiki.