Injini au Mota? Ndege za Mfano za Nyaya katika Hewa ya Dodoma

Swali ambalo Chama cha Ufundi kimeniletea muhula huu ni fupi, lakini jibu lake si fupi. Ndege yetu ya kwanza ya mfano, ile itakayorushwa kwa nyaya, tuitie injini ya mafuta au mota ya umeme? Fedha iliyomo katika kisanduku cha chama yatosha njia moja tu. Mzazi mmoja ametuahidi injini ya bure ya sentimita za ujazo 4, na ahadi hiyo imewafanya wengi wenu waone kuwa shauri limekwisha. Mimi naona bado. Nitaeleza kwa hesabu na sayansi ile ile tunayosoma darasani, ili kila mwanachama apige kura akijua anachokipigia.

Kwanza tuelewane juu ya ndege yenyewe. Haina redio. Mrushaji husimama katikati ya duara akishika mpini, na katika mpini huo zimefungwa nyaya mbili nyembamba za chuma zinazokwenda mpaka ndegeni na kuingia katika bawa la kushoto. Ndani ya bawa kimo kipande cha pembe tatu kigeukacho juu ya msumari. Mrushaji akiinua mpini, waya mmoja huvutwa kuliko mwenziwe, kipande hugeuka, nacho husukuma ufito unaogeuza usukani wa mkiani, ndege hupanda. Akishusha mpini, ndege hushuka. Hapana zaidi ya hayo. Namna hii ya kurusha ilienezwa sana na Mmarekani Jim Walker, wa mji wa Portland, katika miaka ya 1940, na hata leo ina mashindano yake ya dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, yaani FAI.

Wale wa Kidato cha Tano wataniuliza nyaya hukazwa na nini. Hukazwa na mwendo wa ndege yenyewe. Tuseme ndege ina uzito wa kilo 1, nyaya zina urefu wa mita 18, na kila mzunguko huchukua sekunde 5. Duara ni mita 113, basi mwendo ni mita 22.6 kwa sekunde, yaani kilometa 81 kwa saa, mwendo wa basi la abiria barabarani. Zidisha uzito kwa kipeo cha pili cha mwendo, ugawanye kwa urefu wa nyaya: utapata newtoni 28. Mkono wa mrushaji unavutwa kana kwamba ameshika mzigo wa karibu kilo 3. Ndiyo sababu warushaji huvuta nyaya kwa nguvu ipatayo mara kumi ya uzito wa ndege kabla ya kuirusha, wapate kuona kama kuna fundo linalolegea. Nyaya zisipokaza, usukani haufanyi kazi, na ndege huwa jiwe.

Sasa tuje kwenye injini. Hii ni ya viharusi viwili, na haina cheche kama ya pikipiki. Kichwani ina plagi yenye waya wa platini uliosokotwa. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeitoa plagi ya namna hiyo sokoni mwaka 1947, na tangu hapo ile mizigo ya koili na betri ya cheche iliondoka katika ndege za mfano. Wakati wa kuwasha, waya hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5. Injini ikishika, betri huondolewa, na waya huendelea kuwaka wenyewe, kwa kuwa mvuke wa methanoli ukigusa platini hutoa joto, na mgandamizo ndani ya silinda huongeza jingine. Platini ni kichocheo: yenyewe haiishi. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi somo la vichocheo katika kemia.

Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo ya kulainishia, na mara nyingi nitromethani kidogo. Mmoja wenu aliniambia kuwa minyonyo inaota yenyewe kando ya njia hapa kwetu, basi kwa nini tusikamue mafuta wenyewe? Wazo zuri, lakini halifai. Mafuta ya injini hapana budi yasafishwe yaondolewe utomvu, la sivyo huganda juu ya pistoni. Tena mbegu za mnyonyo zina sumu kali, wala sitaki kuona mtu akizitwanga katika kinu cha jikoni. Methanoli nayo ni sumu. Haifanani na pombe ila kwa sura na harufu. Anayeinywa hupofuka au hufa.

Mota ya umeme si jambo la jana kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1957, huko Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege ya mfano kwa umeme, lakini betri za siku zile zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Zilizobadili mambo ni mbili: mota zisizo na brashi, na betri za lithiamu, ambazo zimeenea tangu miaka ya 2000. Leo hata katika mashindano ya dunia ya michezo ya nyaya, wako warushaji wengi wa mota wakishindana na wa injini, tena si kwa kuonewa huruma.

Tulinganishe nguvu. Ndege ya kilo 1 yaweza kuruka vizuri kwa wati 200 hivi. Kwa dakika 5 hiyo ni juli 60,000, au wati-saa 16.7. Betri ya seli tatu, ya volti 11.1 na ampea-saa 2.2, ina wati-saa 24.4, basi tutakuwa tumetumia kama sehemu saba katika kumi, na hapo ndipo pa kusimama, maana betri ya lithiamu ikikaushwa kabisa huharibika. Uzito wake ni kiasi cha gramu 180. Injini kwa kazi ile ile hunywa mililita 75 hivi, gramu 65 tu. Lakini ukihesabu joto lililomo katika methanoli hiyo, utaona karibu juli 1,000,000! Zimekwenda wapi? Zimetoka kwa bomba la moshi, zimepasha silinda, zimewaudhi majirani. Injini hupoteza sana, ila mafuta yana nguvu nyingi kiasi kwamba yaweza kupotezwa na bado yakatosha.

Nikiishia hapo, mtu wa pwani angechagua injini. Lakini sisi hatuko pwani. Mji wetu uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama milibari 886, hali Dar es Salaam ni kama 1,013. Siku ya joto la digrii 30, mita moja ya ujazo ya hewa kule ina uzito wa kilo 1.16, hapa Makole ni kilo 1.02. Sehemu moja katika nane haipo.

Injini huivuta hewa hiyo hiyo ili ipate oksijeni, basi hupoteza sehemu kama moja katika nane ya nguvu zake kabla hatujafanya lolote. Tena, kwa kuwa hewa imepungua na mafuta hayakupungua, mchanganyiko huwa mzito, na sindano ya mafuta lazima ikazwe. Kisha jua likipanda na hewa ikazidi kuwa nyepesi, ikazwe tena. Kuna dawa: kuongeza nitromethani, ambayo inabeba oksijeni ndani yake yenyewe. Lakini hiyo ndiyo iliyo ghali kuliko vyote chupani. Kwa maneno mengine, uwanda wetu wa juu humtoza mwenye injini kodi kila arushapo.

Mota haivuti pumzi. Nguvu zake hazipungui kwa sababu ya mwinuko. Rafadha yake, ni kweli, hushika hewa nyepesi na kusukuma kidogo, lakini hapo hapo mota huona mzigo umepungua na kutumia umeme mdogo zaidi, basi twaweza kuitia rafadha kubwa kidogo na kurudisha kilichopotea. Jambo moja tu la kuangalia: hewa nyepesi hupoza vibaya. Tutatoboa tundu la kuingizia upepo puani, na la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia.

Bawa halijali kama umetia injini au mota. Nalo linaonja upungufu ule ule: ili libebe uzito ule ule, lahitaji mwendo ulioongezeka kwa asilimia 7 kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo ndege nyepesi ni bora kwetu kuliko kwao, na hapa gramu 180 za betri ni hoja ya kweli dhidi ya mota. Siifichi. Tanki la mafuta hupungua uzito ndege ikiruka. Betri hutua na uzito wake wote. Lakini tanki likielekea kuisha, mchanganyiko huwa mwepesi, injini huongeza kasi na kupata moto, na mizani ya ndege husogea, wakati ule ule ambapo mwanafunzi amekwisha choka.

Juu ya vumbi sina haja ya kuwaambia wakazi wa Dodoma. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, upepo wa mashariki na kusini-mashariki hutuletea uwanja mzima mdomoni. Injini hufyonza vumbi hilo, likachanganyika na mafuta ya nyonyo, likawa msasa wa kusaga pistoni. Mota nayo yaweza kuokota chembe za chuma kwa sumaku zake, lakini brashi laini na pumzi ya pampu ya baiskeli hutosha. (Na mafuta ya nyonyo hayatoki katika shati jeupe la shule. Waulizeni mama zenu kama wanapenda.)

Gharama nazo zipimwe kwa mwaka, si kwa siku ya kwanza. Injini ya bure si bure ikiwa kila lita ya mafuta yatoka mbali. Mafuta yenye methanoli na nitromethani hayapokelewi katika mizigo ya abiria wa ndege; hapana budi yaje kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha yapande kwa barabara. Lita 4 zatosha kurusha mara 50 na kitu, kisha tuanze kuandika barua upya. Kuijaza ile betri, pamoja na upotevu wa chaja, kwahitaji kama wati-saa 30. Uniti moja ya TANESCO yaijaza zaidi ya mara 30. Umeme ukikatika, betri ya gari au bamba la jua lafanya kazi hiyo. Betri huchakaa, ni kweli, lakini ikitunzwa yaweza kujazwa mara mia na zaidi.

Hata hivyo, kama hoja zote hizo zingekuwa sawa kwa sawa, ingebaki moja inayoniamulia. Mwanafunzi anayeshika mpini mara ya kwanza hupatwa na kizunguzungu. Azungukapo mara kumi au kumi na tano, miguu huanza kupepesuka. Ndege ya nyaya yenye injini ya kawaida haina namna ya kuzimwa angani. Huruka mpaka tanki liishe, aanguke asianguke. Mota huwekewa saa. Kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza tutaiweka ikate baada ya dakika moja na nusu, kwa Kidato cha Tatu dakika tatu, na kadhalika. Tena kuna kidhibiti kinachoishika rafadha katika kasi ile ile, hata upepo ukiisukuma ndege.

Kwa hiyo kura yangu ni mota. Naitoa huku nikijua tunachokikosa. Tutakosa kuisikiliza injini ikibadili sauti inapopanda, na kujifunza kuipima kwa sikio na ncha za vidole. Ufundi huo hauna mbadala katika mota. Injini ya yule mzazi tuipokee kwa shukrani, tuifungue mezani karakana, tuichore, tupime pistoni na silinda yake, na Kidato cha Nne waitumie katika somo la mashine. Siku chama kitakapokuwa na warushaji watatu walio imara, tutaizungumza tena.

Mota haipunguzi hatari zote, basi masharti ni haya. Hakuna kurusha karibu na nyaya za umeme, hata zionekane ziko mbali. Nyaya zetu ni za chuma na mwisho wake uko katika mkono wa mtu. Nimepima kwa hatua uwanja wa chini, nao una nafasi ya duara la mita 18 na mita 20 za ziada kila upande, mbali na nguzo. Rafadha huvaliwa mwisho, na betri huunganishwa mwisho kabisa, ndege ikiwa imeshikwa, kwa maana mota huanza bila kuonya. Betri haiachwi juani wala haijazwi bila mtu kuiangalia; ndoo ya mchanga iwe karibu, na mchanga Dodoma hatununui. Kwa kuwa kiwanja cha ndege kiko karibu nasi, Mkuu wa Shule ataandika kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuuliza, ingawa ndege yetu haiwezi kupanda juu kuliko urefu wa nyaya zake. Mpaka jibu lije, tutajenga tu.

Tutarusha saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kura itapigwa karakana Ijumaa baada ya vipindi. Mchoro wa bawa na kipimo cha mpini nimevibandika ubaoni. Wanaotaka kupaka gundi, wavulana na wasichana, waandike majina yao kwa katibu wa chama.