Rangi ya Taa na Uhai wa Mimea katika Tangi la Samaki

Katika shule moja ya sekondari ya Musoma niliyowahi kuitembelea, wanafunzi walikuwa wametengeneza tangi la kioo lenye kina cha sentimita 40, wakapanda ndani yake mimea ya majini na kuweka samaki wachache. Tangi lilikuwa katika pembe ya maabara isiyofikiwa na jua, nayo mimea ilikuwa imepauka na kupukutisha majani. Juu yake ilining'inia balbu moja iliyoandikwa 2,700 K. Kundi moja la wanafunzi lilidai inunuliwe balbu ya 6,500 K, kwa kuwa nambari kubwa ni nguvu kubwa. Kundi la pili lilipinga kwa hofu kwamba joto hilo lingewachemsha samaki.

Makundi yote mawili yalikosea, na kosa lao lina mafunzo mengi. Katika makala haya tutaeleza maana ya nambari hiyo, kisha tutaona mmea unahitaji nini hasa.

Maana ya halijoto ya rangi

Mhunzi anapochochea moto, chuma huwa chekundu kwanza, kisha cha rangi ya machungwa, halafu cha manjano inayoelekea weupe. Kila halijoto ina rangi yake. Wanafizikia hufikiria gimba jeusi kamili linalopashwa moto, na rangi ya nuru yake hutajwa kwa halijoto yake katika kelvini. Hii ndiyo halijoto ya rangi. Kwa kanuni ya Wien, urefu wa wimbi lenye nguvu kubwa zaidi, kwa nanomita, hupatikana kwa kugawanya 2,900,000 kwa halijoto hiyo. Uso wa jua, wenye kelvini 5,800 hivi, hutupatia nanomita 500, yaani katikati ya nuru ionekanayo.

Balbu ya zamani yenye uzi wa tangisteni hufikia kweli kelvini 2,700 hivi. Tukigawanya tunapata nanomita 1,074, nje kabisa ya wekundu tunaouona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kuwa joto.

Balbu ya LED ni jambo jingine. Tangisteni yenyewe huyeyuka kwenye kelvini 3,695 hivi. Basi hakuna kitu ndani ya balbu ya LED kiwezacho kufika 6,500. Ndani yake mna kipande kidogo kinachotoa nuru ya buluu, ya nanomita 450 hivi, kilichofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na nyekundu. Unga ukiwa mwingi, nuru huonekana ya manjano na balbu huandikwa 2,700 K. Ukiwa mchache, nuru huelekea ubuluu na huandikwa 6,500 K. Nambari inaeleza tu jinsi nuru inavyofanana na ya gimba jeusi machoni mwa binadamu. Samaki hawatachemka, wala mimea haitapata nguvu kwa sababu ya nambari peke yake.

Mmea unahesabu nini?

Mwaka 1882 Mjerumani Theodor Engelmann aliangaza uzi wa mwani kwa spektra ya mche wa kioo, majini humo mkiwa na bakteria wapendao oksijeni. Bakteria walikusanyika zaidi penye nuru nyekundu na penye buluu, maana huko ndiko mwani ulikotoa oksijeni nyingi. Tangu hapo vitabu vingi husema kuwa mmea hauna haja na kijani. Usemi huo umepita kiasi. Katika miaka ya 1970 mwanzoni, Keith McCree alipima majani ya aina 22 za mimea ya mazao, akaonyesha kuwa nuru ya kijani nayo hutumika kwa kiwango kikubwa, ingawa si kama nyekundu.

Kwa usanisinuru, basi, jambo la kwanza ni idadi ya fotoni zinazofika kwenye jani, kati ya nanomita 400 na 700. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kufuata jicho letu, ambalo huona vizuri zaidi nanomita 555, lakini jani halina jicho. Hata hivyo, balbu mbili nyeupe za LED zenye lumeni sawa, moja ya 2,700 K na nyingine ya 6,500 K, hutofautiana kidogo tu kwa idadi ya fotoni.

Sasa tulinganishe na umbali. Balbu isiyo na kiakisi ikiinuliwa kutoka sentimita 20 hadi 40 juu ya mmea, nuru inayofika hupungua hadi robo. Mkono ulioinua balbu umebadilisha mengi kuliko nambari iliyochaguliwa dukani.

Maji nayo hunywa nuru nyekundu, lakini katika tangi la sentimita 40 lenye maji safi hupotea takribani asilimia 15 tu ya nyekundu ya nanomita 660. Ziwani hali ni tofauti. Mwani, tope na mabaki ya majani yaliyooza humeza kwanza buluu, hata nuru ya chini hubaki ya manjano na nyekundu.

Samaki mwenye jina la Mwalimu

Jambo hili lina uzito mkubwa katika Ziwa Victoria. Mwaka 1985 wataalamu wa Kiholanzi walieleza furu mpya wa ziwa hili na kumpa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume wake huwa na mgongo mwekundu. Dume wa ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa ubuluu. Katika majaribio ya matangini yaliyochapishwa mwaka 1998, majike wa nyererei walichagua madume wa aina yao chini ya nuru nyeupe. Chini ya nuru ya rangi ya machungwa pekee, isiyoonyesha tofauti hiyo, uchaguzi wao ulitoweka. Mwaka mmoja kabla yake, Ole Seehausen na wenzake walikuwa wametahadharisha kuwa kuchafuka kwa maji ya ziwa, kunakopunguza rangi za nuru, kunaweza kuzifanya aina zichanganyike na kupotea. Rangi ya nuru, basi, haiamui tu uzuri wa tangi letu.

Uchaguzi na tahadhari

Kwa tangi la shule napendekeza balbu nyeupe ya kati ya 4,000 na 6,500 K, kwa sababu huonyesha vizuri ukijani wa mimea na rangi za furu. Zingatia kwanza lumeni za kutosha, umbali usiobadilika, na saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku. Nuru ikizidi, mwani mdogo hutawala na kufunika vioo.

Anayechota mimea ziwani, iwe Musoma au upande wa Bunda kwenye Ghuba ya Speke, akumbuke kichocho. Avae buti na glavu za mpira, akague kila jani, na asiruhusu konokono kuingia tangini, maana konokono mwenye vimelea huendelea kuvitoa majini.

Jaribio

Chukua kipande cha Ceratophyllum demersum chenye urefu wa sentimita 8. Kitumbukize, ncha iliyokatwa ikiwa juu, katika glasi ya maji yaliyotiwa chembe za sodiamu baikabonati. Katika chumba chenye giza, weka balbu ya LED ya 2,700 K umbali wa sentimita 20. Subiri dakika 5, kisha hesabu viputo kwa dakika 5. Rudia kwa balbu za 4,000 K na 6,500 K zenye lumeni zile zile, kisha kwa balbu moja ikiwa umbali wa sentimita 40. Fanya yote mara 3, ukibadilisha mpangilio wa balbu kila mara.

Maswali

1. Tumia kanuni ya Wien kwa kelvini 4,000. Kwa nini jibu lako halielezi nuru ya balbu ya LED?
2. Balbu ikitolewa sentimita 20 na kuwekwa 30, nuru hubaki sehemu gani?
3. Mwanafunzi amebadilisha balbu na umbali kwa pamoja, mimea ikastawi. Je, ana haki ya kusema kuwa rangi ndiyo iliyoistawisha? Eleza.