Yezu ni nani? Maandiko ya kusoma kabla ya Ubatizo



Wapenzi wakatekumeni, siku ya Ubatizo wenu Padri atawauliza mbele ya watu wote kama mnamsadiki Yezu Kristu, Mwana wa pekee wa Mungu. Siku hiyo katekista hatawajibia; kila mmoja atajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Wengi wenu mmekwisha kushika kwa moyo majibu ya Katekisimu, na jambo hilo ni jema. Lakini kujua jina la mtu si kumjua mtu. Basi leo nawaonyesha maandiko ya kusoma, na utaratibu wake, mpate kumjua yule mtakayemkiri.

1. Anzeni na Injili ya Marko

Injili hii ni fupi kuliko zote nne: ina sura 16 tu. Mnapoisoma, shikeni swali moja: Huyu ni nani? Katika sura ya 2 Yezu anamwondolea dhambi mtu aliyepooza, nao waandishi wanachukizwa, kwa maana kuondoa dhambi ni kazi ya Mungu peke yake. Katika sura ya 4 anaituliza dhoruba, na wanafunzi wanaulizana kwa hofu juu yake. Katika sura ya 8 Yezu mwenyewe anawauliza, na Petro anajibu kwamba ndiye Kristu. Jibu ni la kweli. Lakini Yezu anapotaja mateso yake, Petro anayakataa, naye anakemewa vikali.

Angalieni vema. Tangu sura ya 1 pepo mchafu alikwisha kutamka kwamba Yezu ni Mtakatifu wa Mungu. Jibu lake halina kosa, walakini halimfai kitu, kwa kuwa hana mapendo. Na katika Injili hii, binadamu wa kwanza kumkiri Yezu kuwa Mwana wa Mungu ni nani? Ni akida wa Kirumi, mgeni, aliyesimama mbele ya msalaba (sura ya 15). Marko hasemi kwamba akida huyo aliona mgonjwa akiponywa. Asema tu kwamba aliona jinsi Yezu alivyokufa.

Kwa hiyo jihadharini na wale wanaomhubiri Yezu mwenye kutoa mali na afya tu, pasipo msalaba. Anayemfuata kwa sababu ya kushiba ataishia njiani. Someni mpaka mwisho.

2. Halafu Luka, Mateo na Yoane

Kwa Luka someni kuzaliwa kwake (sura ya 1 na 2) na huruma yake kwa waliopotea (sura ya 15). Kwa Mateo, mafundisho ya mlimani (sura ya 5 mpaka 7) na hukumu ya mwisho (sura ya 25): hapo mtaona kwamba mwenye njaa na mgeni ni mahali pa kukutana naye. Kwa Yoane, someni habari za mwanamke Msamaria (sura ya 4), kipofu wa kuzaliwa (sura ya 9) na Lazaro (sura ya 11). Kanisa husoma habari hizi tatu wakati wa Kwaresima kwa ajili ya wanaojiandaa kubatizwa. Ni zenu hasa.

3. Kisha imani ya Kanisa

Zamani padri mmoja wa Aleksandria, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Maaskofu walikusanyika Nikea mwaka 325, wakatangaza kwamba Mwana ni Mungu kweli, sawa na Baba. Mwaka 451, huko Kalkedonia, walifundisha kwamba Yezu ni Nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli. Kama si Mungu, hawezi kutuokoa. Kama si mtu, hakufa kwa kweli kwa ajili yetu. Mafundisho haya yanaelezwa katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 422 mpaka 682. Yasomeni pamoja na katekista wenu, polepole.

4. Namna ya kusoma

Injili nne zina sura 89. Ukisoma sura moja kila jioni, utazimaliza kwa miezi mitatu. Kama kijijini kuna kitabu kimoja tu, kusanyikeni: ajuaye kusoma asome kwa sauti, na wazee wasikilize, kisha kila mmoja aseme alichosikia. Asiyejua kusoma asione haya. Wengi waliomwamini Bwana hapo kale walisikia tu. Ombeni kabla ya kufungua kitabu. Neno gumu liandikeni, mkaliulize siku ya mafundisho.

Maswali

1. Kwa nini jibu la pepo mchafu halimfai, ingawa ni la kweli?
2. Akida aliona nini hata akaamini?
3. Nawe, ukiulizwa leo Yezu ni nani, utajibu nini kwa maneno yako mwenyewe?