SOMO: MPANGAJI, MWENYE NYUMBA NA DISHI JUU YA PAA



Somo letu la safari hii ni juu ya jambo dogo ambalo huleta maneno makubwa katika ploti za kukodi, iwe ni Kericho mjini, Kapsoit, Litein, Sotik au Bomet. Mpangaji ananunua dishi ya televisheni. Fundi anakuja, anapanda juu ya nyumba na kutoboa mabati. Jioni mvua inanyesha kama kawaida yake huku kwetu. Kesho yake chumba cha jirani kimelowa, mwenye nyumba anataka dishi ishuke, na mpangaji anasema, "Mimi ninalipa kodi, hii ni haki yangu."

Je, ni haki yake kweli? Msiseme hili ni jambo la watu wa mjini. Watoto wetu wengi wanakaa nyumba za kukodi, na vikundi vingi huweka akiba ili kujenga vyumba vya kukodisha. Kwa hiyo unaweza kujikuta upande wowote wa ugomvi huu.

SHERIA YETU INASEMA NINI?

Katika Kenya hakuna sheria inayosema wazi kwamba mpangaji anaweza kufunga dishi juu ya nyumba ya mwingine. Wala hakuna inayosema kwamba mpangaji hawezi kuwa na dishi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni makubaliano kati ya hao wawili. Hata hivyo, zipo sheria tatu zinazogusa jambo hili.

Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta na kupokea habari. Lakini kifungu hicho hakitaji mapaa. Uhuru wa kupata habari si ruhusa ya kutoboa mali ya mwenzako.

Pili, Sheria ya Ardhi ya 2012. Hii inasema kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti aachwe akae kwa amani. Inasema pia kwamba nyumba ikikodishwa sehemu tu, kama vile chumba kimoja katika ploti, ni mwenye nyumba anayepaswa kutunza paa na kuta za nje. Naye mpangaji akihama anapaswa kurudisha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Tafakarini hapo: paa ni mzigo wa mwenye nyumba. Ndiyo maana ana haki ya kuulizwa kabla halijaguswa.

Tatu, Sheria ya Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Hii inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chini ya sheria hii ni kosa mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumfukuza au kumlazimisha alipe zaidi. Kukata waya wa dishi usiku au kung'oa mlango ili mtu ahame si njia ya haki.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Huko Marekani, serikali ilitoa kanuni mwaka wa 1996, na mwaka wa 1999 ikaipanua iwafikie wapangaji. Mpangaji anaweza kuweka dishi isiyozidi mita moja upana, lakini mahali anapotumia yeye peke yake, kwa mfano veranda yake. Paa na kuta za nje zinazotumiwa na wote hazimo.

Huko Uswidi, familia moja iliyotoka Iraki ilikodi nyumba Rinkeby, kitongoji cha Stockholm. Walikuwa na dishi ya kupata vipindi vya Kiarabu na Kiajemi. Mkataba ulikataza antena za nje. Walikataa kuiondoa, nao wakaamriwa kuhama. Walipeleka malalamiko yao Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 16 Desemba 2008 wakashinda. Mahakama ilitazama kwamba dishi ile haikuwa hatari, na kwamba familia ilihitaji habari za kwao kwa lugha yao. Hukumu hiyo haifungi mahakama za Kenya. Lakini inatufundisha kuuliza maswali mawili: huyu anahitaji nini, na yule anapata hasara gani?

KWA NINI PAA LINATAFUTWA SANA HUKU KWETU?

Setelaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kericho na Bomet ziko karibu kabisa na ikweta. Setelaiti inayotumiwa na DStv iko karibu moja kwa moja juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo dishi yake ikiwekwa chini ya veranda yenye mabati haitashika kitu. Inataka mahali palipo wazi kuelekea juu. Setelaiti nyingine ziko upande wa magharibi, na dishi zake huinamia huko. Muulize fundi kwanza dishi itaangalia wapi, halafu ndipo mtafute mahali.

Lakini mahali palipo wazi si lazima pawe paa. Mnaweza kusimamisha mlingoti wa chuma uani. Au ujazeni gurudumu kuukuu kwa saruji, mlingoti ukiwa katikati, na hakuna tundu litakalotobolewa. Ikibidi kutumia paa, msumari au bolti ipite kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita, na iwe na mpira wa kuzuia maji. Tena ifungwe imara, maana mvua ya mawe na upepo wa huku tunaujua.

Njia nyingine ni dishi moja kwa ploti nzima. Kichwa cha dishi chenye njia nne kinaweza kulisha nyumba nne, kila moja ikiwa na dekoda yake na malipo yake. Msichukue malipo ya nyumba moja mkayagawa kwa majirani. Huko ni kuvunja mkataba na kampuni.

NYUMBA ZA KAMPUNI

Mfanyakazi anayekaa katika kambi ya shamba la chai si mpangaji wa kawaida. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au pesa za kukodi. Nyumba hiyo inafuatana na kazi. Kwa hiyo uliza kanuni za kambi kwa msimamizi, na ukiona umeonewa, mwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

PATANENI KABLA YA KUTOBOA

1. Mwombe mwenye nyumba ruhusa. Keyateka akikubali kwa mdomo tu, haitoshi.
2. Andikeni karatasi mbili, moja kwa kila mmoja. Tajeni mahali pa dishi, nani atalipa fundi, nani atarekebisha pakivuja, na dishi itakuwa ya nani mpangaji akihama.
3. Pigeni picha za mahali hapo kabla ya kazi na baada yake.
4. Siku ya kuhama, ondoa dishi yako kabla ya kurudisha ufunguo, na uzibe matundu. Ukiiacha, utazozana juu ya depositi.

Na wewe mwenye nyumba, usikatae tu kwa sababu unaweza kukataa. Onyesha mahali pengine. Mpangaji aliyeridhika hahami upesi. Tena usibebe dishi yake ati kwa sababu ana deni la kodi. Kukamata mali kuna utaratibu wa sheria na mnadi mwenye leseni.

MKIKOSANA

Anzeni na wazee wa kokwet au chifu, maana mtaendelea kuonana. Isipowezekana, kwa nyumba za kodi ndogo tuliyoitaja lipo Baraza la Kodi za Nyumba. Kama ni kudai fidia ya mali iliyoharibiwa, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Kila mara nenda na karatasi yako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika ploti tunazozijua, ni nani hulipa paa likivuja? Je, wapangaji wanajua?
2. Kikundi chetu kikijenga vyumba, tutaweka sharti gani juu ya dishi?
3. Gawanyikeni wawili wawili, mmoja awe mpangaji na mwingine mwenye nyumba. Andikeni makubaliano ya dishi, kisha msomee kikundi kizima. Wengine waonyeshe kilichosahauliwa.